Samaki Aliyeponyoka: Neno la Mvuvi na Kazi ya Historia

Miaka mingi iliyopita tulikuwa tukifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari karibu na Ziwa Albert, upande wa Uganda. Siku moja tuliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha yenye kichwa "Jambo Nililosimuliwa Nyumbani". Mwanafunzi mmoja, mtoto wa jamaa ya wavuvi, aliandika habari za babu yake. Alisema kwamba usiku mmoja babu alitupa mshipi wake ziwani, samaki akameza chambo, kisha akaanza kuuvuta mtumbwi. Aliuvuta tangu mwezi ulipochomoza hata ulipokuwa utosini. Mshipi ulimchana mzee viganja vyote viwili. Halafu, pasipo kishindo chochote, mshipi ukalegea. Mzee hakumwona samaki yule hata mara moja.

Insha ile haikuwa na makosa mengi ya sarufi. Hata hivyo tulichukua kalamu ya wino mwekundu tukaandika chini yake: "Umetia chumvi mno." Tukampa alama nne kwa kumi.

Ndugu walimu wenzetu, makala haya ni namna ya kusahihisha sahihisho lile. Tunakusudia kuuliza swali ambalo ni la somo la historia na la somo la lugha pia: mtu akija na habari ya kitu kikubwa ambacho hakukileta nyumbani, tumsikilizeje? Wahenga wetu wametuachia methali mbili zinazovutana katika jambo hili. Moja yasema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Nyingine yasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Samaki aliyeponyoka anasimama katikati ya methali hizi mbili.

Ili tulipime jambo hili kwa utulivu, yafaa twende mbali kidogo na ziwa letu, mahali ambapo habari za samaki waliopatikana na za samaki waliopotea zimeandikwa kwa muda mrefu na kwa uangalifu. Mahali hapo ni kwa wavuvi wa nzi wa Ulaya, na hasa wa Skotlandi. Huko twaweza kuwaweka samaki watatu wakubwa ubavu kwa ubavu na kuuliza tumewajuaje.

Uvuvi wa nzi na shahidi wake wa kwanza

Kwanza tueleze maana ya uvuvi wa nzi, kwa kuwa kwetu si jambo la kila siku. Mvuvi wa ziwani hutia chambo chenye nyama au samaki mdogo kwenye ndoano, naye huuzamisha mshipi kwa chubwi. Mvuvi wa nzi hana chambo cha kuliwa wala hana chubwi. Ndoano yake ni ndogo, imevikwa nyuzi na manyoya ya ndege hata ifanane na mdudu au kiumbe kingine kidogo cha majini. Kitu hicho ni chepesi mno, hakiwezi kutupwa chenyewe. Kinachotupwa ni mshipi, ambao una uzito wake. Mvuvi huurusha nyuma na mbele kwa ufito mrefu, na nzi wa bandia hufuata tu, akatua juu ya maji kama aliyeanguka kutoka majanini. Kati ya mshipi mzito na nzi huyo kuna kipande chembamba sana cha uzi, ambacho samaki asikione. Zamani kipande hicho kilisokotwa kwa singa za mkia wa farasi.

Hapo ndipo ilipo asili ya habari zote za samaki walioponyoka. Uzi ukiwa mnene, samaki huuona akakataa. Ukiwa mwembamba, samaki mkubwa huukata. Mvuvi wa nzi amekubali tangu mwanzo kwamba samaki anayemtamani kuliko wote ndiye anayeweza kumpoteza kwa urahisi kuliko wote. Hawezi kumvuta kwa nguvu. Lazima amwache akimbie, amchoshe taratibu, amfuate ukingoni au kwa mashua, na kwa muda wote huo aghalabu hamwoni. Anachokijua juu ya samaki wake ni uzito anaousikia mikononi.

Ushahidi wa zamani sana wa uvuvi huu umo katika kitabu cha Aelianus, mwandishi wa Kirumi aliyeandika kwa Kigiriki habari za tabia za wanyama, kiasi cha mwaka 200 baada ya Kristo. Anaeleza juu ya watu wa Makedonia waliovua katika mto uitwao Astraeus. Samaki wa mto huo walipenda kula mdudu fulani arukaye juu ya maji, lakini mdudu yule akishikwa na mkono wa mtu huharibika rangi na mbawa, hafai tena kuwa chambo. Wavuvi wakavumbua hila: wakazungushia ndoano sufu nyekundu, wakafunga juu yake manyoya mawili ya shingo ya jogoo, samaki wakadanganyika.

Jambo la kutazamwa hapa ni hili. Aelianus hasemi kwamba aliwaona wavuvi hao. Anasema alisikia. Yaani historia nzima ya uvuvi wa nzi, ambayo leo ina maktaba zake na majumba yake ya makumbusho, imeanza kwa masimulizi ya mdomo yaliyomfikia mtu aliyekuwa mbali. Hata hivyo hakuna mwanahistoria anayeitupa habari hiyo. Kwa nini? Kwa sababu ina mambo madogo madogo ambayo mtu wa kubuni hangeyafikiria: rangi ya sufu, manyoya ya sehemu fulani ya shingo, mdudu anayeharibika akishikwa. Habari yenye viungo vya namna hiyo huonyesha kuwa ilitoka kwanza kinywani mwa mtu aliyeifanya kazi yenyewe.

Twende mbele hadi Uingereza. Mwaka 1496 mpiga chapa aitwaye Wynkyn de Worde alitoa kitabu chenye sehemu ya mafunzo ya kuvua kwa ufito, na ndani yake mna orodha ya nzi kumi na wawili wa bandia. Kwa karne nyingi watu wamesema kuwa aliyeyaandika mafunzo hayo ni mtawa wa kike, Juliana Berners, mkuu wa nyumba ya watawa. Wataalamu walipotafuta hati za kuthibitisha jambo hilo hawakuziona. Kwa hiyo hapa tunayo maandishi yaliyopigwa chapa, yenye mwaka na jina la mpiga chapa, na bado mwandishi mwenyewe ameponyoka. Tusidhani basi kwamba karatasi daima ni hakika na maneno ya mdomo daima ni ubatili.

Samaki watatu wa Skotlandi

Sasa twende kwenye samaki wenyewe. Samaki tunaowasema ni samoni wa Bahari ya Atlantiki. Maisha yake yenyewe ni fumbo. Huzaliwa katika mto wenye maji baridi, hukaa humo miaka michache akiwa mdogo, kisha hushuka baharini kwenda kunenepa. Baada ya mwaka mmoja, miwili, mitatu au zaidi hurudi katika mto ule ule aliozaliwa ili atage, akiongozwa, kwa kadiri wataalamu wanavyoeleza, na harufu ya maji ya kwao. Na akisha kuingia mtoni huacha kula. Kwa nini basi samaki asiyekula aiume ndoano iliyovikwa manyoya? Wengine husema ni hasira, wengine husema ni kumbukumbu ya utoto wake mtoni. Hawajaafikiana. Hivyo mvuvi wa samoni anamdanganya samaki kwa chakula ambacho samaki huyo hakihitaji, na hata akimpata hajui ni kwa nini alimpata.

Mto Tay ndio mrefu kuliko mito yote ya Skotlandi. Mnamo mwaka 1868, karibu na mahali mto Earn unapoingia katika Tay, ambapo maji ya bahari hujaa na kupwa, mtu mmoja aitwaye George Forrest Browne alimnasa samoni akiwa ndani ya mashua pamoja na mpiga makasia wake. Samaki alikwenda nao juu na chini, maji yakajaa yakapwa, jua likatua, giza likaingia. Shindano lile lilichukua kiasi cha saa kumi. Mwishowe, usiku, samaki akaponyoka. Hapakuwa na kitu cha kupimwa wala cha kuonyeshwa. Pakabaki maneno ya Browne na ya mwenziwe wa mashuani.

Huyu Browne alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa msomi wa Cambridge, na baadaye, kati ya mwaka 1887 na 1892, alikuwa profesa wa mambo ya kale katika chuo kikuu hicho. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mawe ya zamani na maandishi yaliyochongwa juu yake. Yaani alikuwa mtu ambaye maisha yake yote alidai ushahidi wa kushikika, naye ndiye aliyeachiwa ushahidi usioshikika kabisa. Aliandika habari ya usiku ule, ikawekwa katika kitabu chake kiitwacho Off the Mill, cha mwaka 1895.

Baadaye Browne alifanywa kuwa askofu. Alikuwa Askofu wa Bristol tangu mwaka 1897 hadi 1914. Tangu hapo wavuvi wamemwita samaki yule "samaki wa Askofu". Walimu wa historia na watambue jambo hili, maana ni somo zuri sana. Mwaka 1868 hapakuwa na askofu ndani ya mashua ile. Cheo kimerudi nyuma kikaambatana na tukio lililokitangulia kwa miaka karibu thelathini. Mambo ya namna hii tunayaona pia katika masimulizi yetu, pale mfalme anapoitwa kwa jina la utawala katika habari za utoto wake. Si uongo, wala msimulizi hana nia mbaya. Ni kawaida ya kumbukumbu kumvika mtu nguo zake nzuri hata katika siku ambazo hakuwa nazo. Kazi ya mwanahistoria ni kumvua nguo hizo kwa adabu, bila kumtupa mtu mwenyewe.

Samaki wa pili alipatikana. Tarehe 7 Oktoba 1922, katika mto ule ule wa Tay, mahali paitwapo Glendelvine, binti mmoja aitwaye Georgina Ballantine alikuwa akivua pamoja na baba yake, naye baba ndiye aliyekuwa akipiga makasia. Binti huyu alikuwa amesomea uuguzi, na alihudumu katika Vita Kuu ya Kwanza. Jioni hiyo, kwa ndoano iliyotiwa samaki mdogo, alimnasa samoni aliyewachukua zaidi ya saa mbili, hata giza likawakuta. Walipompima alikuwa na uzito wa pauni 64, yaani kilo 29. Hadi leo hakuna samoni mzito zaidi aliyepatikana Uingereza kwa ufito na mshipi akatambuliwa rasmi. Samaki huyo walipelekewa wagonjwa wa hospitali ya Perth wakamla, lakini kabla ya hapo umbo lake lilifinyangwa, na mfano wake umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji huo.

Je, kwa kuwa samaki alipimwa, watu wote waliamini? La hasha. Samaki alipowekwa katika dirisha la duka mjini Perth, Ballantine alisimama nyuma ya umati akawasikia wazee wawili wakibishana. Walikubali ukubwa wa samaki, kwa kuwa alikuwa mbele ya macho yao. Walichokataa ni kwamba mwanamke angeweza kumtoa samaki kama huyo majini. Basi hata mizani ilipokwisha kusema, bado neno la mvuvi lilikuwa mashakani, si kwa upungufu wa ushahidi bali kwa sababu ya nafsi ya shahidi. Hili nalo tulitie moyoni. Mara nyingi tunapomwambia mtu kwamba habari yake haiaminiki, tunachokataa hasa ni yeye.

Samaki wa tatu yuko kati ya hawa wawili. Mwaka 1924, katika mto Deveron, kaskazini-mashariki ya Skotlandi, mwanamke mwingine, Bibi Morison, alimpata samoni kwa nzi wa bandia ambaye urefu wake ulikuwa sentimeta tatu hivi. Uzito ulioandikwa ni pauni 61, karibu kilo 28, na huyo ndiye samoni mzito kuliko wote waliopatikana Uingereza kwa nzi. Lakini hakupimwa saa ile ile. Alipimwa siku iliyofuata, na kila mchuuzi wa samaki ajua kwamba samaki aliyelala nje ya maji hupungua uzito. Kwa sababu hiyo wako wasemao kwamba samaki wa Bibi Morison alikuwa mzito kumshinda hata yule wa Ballantine. Twaweza kusema kwamba samaki huyu alipatikana, lakini sehemu yake iliponyoka usiku, kabla ya mizani kufika.

Tukiwapanga samaki hawa watatu tunaona ngazi ya ushahidi. Mmoja alipimwa papo hapo. Mmoja alipimwa kwa kuchelewa. Mmoja hakupimwa kamwe. Historia iliyoandikwa katika orodha za ushindi humjua wa kwanza, humtaja wa pili pamoja na maelezo kidogo, na wa tatu haina mahali pa kumweka. Asiyekuwapo na lake halipo. Lakini je, twaweza kusema kwamba samaki wa mwaka 1868 hakuwapo? Aliivuta mashua ya watu wawili kwa saa kumi. Kitu kisichokuwapo hakifanyi hivyo.

Magamba ya samaki na magamba ya habari

Samoni aliyepatikana ni kama hati. Gamba lake likitazamwa kwa darubini huonyesha duara nyingi, moja ndani ya nyingine, mfano wa zile za shina la mti lililokatwa. Duara zilizobanana ni za majira ya baridi, alipokua polepole. Zilizoachana ni za majira ya kushiba. Kwa gamba moja mtaalamu aweza kusema samaki huyu alikaa miaka mingapi mtoni na mingapi baharini. Ujuzi huu wa kusoma magamba ulienea Skotlandi tangu mwanzo wa karne ya 20, na ulibadili sana maarifa ya watu juu ya samoni.

Samaki aliyeponyoka haachi gamba. Lakini huacha vitu vingine, na vitu hivyo navyo vyasomeka kwa mwenye kujua. Huacha muda: alishikwa lini, akaachwa lini. Huacha ndoano iliyonyooka au uzi uliokatika, na uzi uliokatwa na jiwe haufanani na uzi uliokatwa kwa kuvutwa. Huacha njia aliyopita: je, alikwenda kinyume cha mkondo au pamoja nao? Huacha shahidi wa pili, kama alikuwapo. Tena huacha namna ya kusimulia, na hapa ndipo mwalimu wa lugha anapokuwa na kazi yake maalumu. Mtu anayetia chumvi hupenda kutaja ukubwa. Atakwambia pauni ngapi na urefu gani wa samaki ambaye hakumwona. Mtu mkweli aghalabu hutaja yale yaliyompata yeye mwenyewe: mikono ilivyouma, mashua ilivyogeuka, alivyoogopa, alivyojuta. Hasemi samaki alikuwa na ukubwa gani, kwa sababu hajui.

Sasa tumkumbuke babu wa mwanafunzi wetu. Hakutaja uzito. Hakutaja urefu. Alitaja mwezi, mtumbwi na viganja vyake.

Mtaalamu mmoja aliyefanya kazi katika nchi za jirani zetu alilifikiria swali hili kwa undani. Jan Vansina, Mbelgiji, alichunguza masimulizi ya Wakuba katika Kongo, kisha akafanya uchunguzi Rwanda na Burundi, na mwaka 1961 alitoa kitabu juu ya mapokeo ya mdomo. Wakati huo walikuwapo wasomi wengi waliosema kwamba Afrika isiyo na maandishi haina historia. Vansina alionyesha kwamba masimulizi yaweza kuwa ushahidi, mradi yachunguzwe kama hati inavyochunguzwa: nani anasema, alipokea kwa nani, anasema mbele ya nani, anafaidika nini, na wengine wanasemaje. Hakusema tuyaamini yote. Hakusema tuyatupe. Alisema tuyaulize maswali.

Nzi katika milima ya Kenya

Pengine msomaji atasema kwamba mambo ya samoni na nzi ni ya Wazungu, hayatuhusu. Lakini uvuvi huu ulikwisha kufika kwetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti, samaki wa jamaa moja na samoni, kutoka ziwa la Loch Leven katika Skotlandi. Yakatiwa katika mto Gura, katika milima ya Nyandarua, Kenya, ili walowezi wapate kuvua kwa nzi kama walivyovua kwao. Trauti wakazaana, na wazao wa samaki wa namna hiyo wangali wanavuliwa katika mito ya milima ya Kenya.

Tukiisoma habari hii katika masimulizi ya kawaida tunaona jina moja tu, la Grogan, kana kwamba mtu mmoja angeweza kupandisha mlimani peke yake mayai yanayotaka baridi na uangalifu wa kila saa. Hakika ilikuwapo mikono mingine. Mikono hiyo ndiyo samaki aliyeponyoka wa habari hii. Hatuna gamba lake, lakini uzito wake tunausikia katika mshipi, kwa sababu kazi ile haikuweza kufanyika bila yake. Sehemu kubwa ya historia yetu iko hivyo. Aliyekuwa na kalamu na mizani ndiye aliyeandikwa. Aliyebeba, aliyepiga makasia, aliyeshika taa, hakuandikwa. Hata katika mashua ya mwaka 1868, Browne ndiye anayejulikana kwa vyeo vyake vyote, na mpiga makasia aliyetaabika saa zile zile ni wachache wanaomkumbuka.

Mizani inapowekwa chini

Kuna jambo jingine ambalo limetokea katika miaka ya karibuni, nalo limeligeuza swali letu. Samoni wa Atlantiki wamepungua sana. Mwezi wa Desemba 1993 ungempata mvuvi wa Skotlandi akilalamika kwamba samaki si wengi kama zamani. Mwezi wa Desemba 2023 samoni wa Uingereza waliandikwa na Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mazingira katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kwa sababu hiyo wavuvi wengi sana wa Skotlandi leo hawamchukui samoni wanayempata. Humfikisha ukingoni, humfungua ndoano ndani ya maji, humshika kidogo mpaka apate nguvu, kisha humwachilia aende zake akatage.

Angalia basi matokeo yake. Samaki aachiliwaye hai hapimwi sawasawa kwenye mizani ya duka, wala hawekwi dirishani. Mvuvi wa leo hurudi nyumbani mikono mitupu kama Browne alivyorudi, naye pia hutaka aaminiwe. Pengine ana picha, lakini picha nayo hudanganya ukubwa, maana samaki aliyesogezwa mbele huonekana mkubwa kuliko alivyo. Hivyo, baada ya karne nzima ya mizani na mifano ya makumbusho, wavuvi wa Tay wamerudi katika neno. Kila samaki sasa ni samaki aliyeponyoka. Jamii yao itaweza kuishi hivyo ikiwa tu wanajua kusimulia kwa uaminifu na kusikiliza kwa haki.

Hitimisho

Tumwendee tena mwanafunzi wetu. Baada ya insha ile hakuandika tena habari za kwao. Insha zake zilizofuata zilikuwa za ajali ya basi, za sherehe ya kufunga shule, za safari ya mji ambao hakuwahi kuufika. Zilikuwa safi, zilipata alama saba na nane, na hapakuwa na kitu ndani yake. Sisi tulifurahi kwamba amejirekebisha. Ni baada ya miaka kadhaa tu, tulipotembelea pwani ya ziwa asubuhi moja, ndipo tulipowakuta wachuuzi wamemtundika mputa kwenye mizani, yule samaki ambaye Tanzania huitwa sangara. Mkia wake uliburuta mchangani. Mizani ilisoma kilo zaidi ya sitini. Tulisimama pale tukatazama viganja vyetu.

Hatusemi kwamba mputa yule alithibitisha habari ya babu. Hakuithibitisha. Alithibitisha tu kwamba tuliandika "umetia chumvi" bila kujua kiasi cha chumvi kilichomo ndani ya ziwa lenyewe. Kosa letu halikuwa kutoamini, maana mwalimu hana wajibu wa kuamini kila aambiwalo. Kosa letu lilikuwa kutouliza. Tungaliweza kuandika kwa wino ule ule mwekundu: Mshipi ulikuwa wa namna gani? Nani mwingine alikuwamo mtumbwini? Upepo ulitoka wapi? Babu alifanya nini mshipi ulipolegea? Kwa nini anakusimulia wewe? Mwanafunzi angalirudi nyumbani akamwuliza mzee, na mzee angalisema, na sisi leo tungalikuwa na hati moja zaidi ya historia ya uvuvi wa Ziwa Albert. Mzee yule amekwisha kufariki. Maswali yale hayana tena wa kuyajibu. Samaki aliponyoka mara mbili: mara ya kwanza katika mshipi wa babu, na mara ya pili katika kalamu yetu.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu wajaribu zoezi hili. Wape wanafunzi kazi ya kuandika habari ya kitu kilichopotea ambacho mtu wa nyumbani kwao alikaribia kukipata: samaki, ng'ombe, barua, shamba, daftari la mashairi la babu. Waagize wasikadirie ukubwa wa kitu hicho. Waandike tu kile shahidi alichokiona, alichokisikia na alichokigusa, na waonyeshe wazi penye mpaka kati ya kujua na kudhani. Kisha darasa zima lisaidie kutunga maswali ya kumpelekea shahidi. Kwa njia hii mwanafunzi atajifunza nyakati za kitenzi, atajifunza usemi wa taarifa, na zaidi ya yote atajifunza kwamba neno la mtu ni kitu cha kuchunguzwa kwa heshima.

Mwanafunzi akikuletea samaki ambaye hayupo, usimpige kwa mizani. Keti naye, mwulize mshipi ulivutaje.